Wizi wa Mafuta ya Gari Mitaani Mwetu: Mdogo kwa Lita, Mkubwa kwa Madhara



Sifa njema zote zinamstahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wazazi na wapendwa wanafunzi, mada yetu ya safari hii huenda ikaonekana ndogo mbele ya mada tulizozoea, kama vile swala, funga na malezi. Tunataka kuzungumzia wizi wa mafuta ya gari. Tunamkusudia yule kijana anayetoka usiku na kipande cha mpira na bidoni ya lita tano, akanyonya petroli kutoka gari la jirani lililoegeshwa mbele ya nyumba, kisha akarudi kulala. Asubuhi hakuna kioo kilichovunjwa wala mlango uliofunguliwa. Gari liko pale pale lilipoachwa. Na kwa kuwa gari liko, wengi hawaoni kwamba kuna kitu kilichoibwa.

Sisi tunaosomesha watoto katika mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, tumeona wizi huu ukikua mbele ya macho yetu, na tumeona ulipofikisha watu. Ndiyo maana tumeona ni wajibu wetu kuandika.

Tulifikaje hapa?

Anayeishi Bujumbura hahitaji kuelezwa, lakini wasomaji wetu walio Kigoma, Uvira, Kigali na kwengineko watapenda kujua chanzo. Burundi haina bandari ya bahari. Mafuta yetu huja kwa malori, sehemu kubwa kupitia Dar es Salaam, na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Fedha za kigeni zilipoadimika nchini, mafuta nayo yakaadimika. Kuanzia mwaka 2021, na kwa ukali zaidi katika miaka iliyofuata mpaka 2025, mji wetu ulijua foleni za mafuta ambazo hatukuwahi kuziona. Magari yalilala mbele ya vituo siku mbili, tatu, hata zaidi, na madereva wakilala ndani yake. Watu walikwenda kwa miguu kutoka katikati ya mji mpaka Kinama, Kamenge na Kanyosha kwa sababu hakuna basi. Wanafunzi wetu waliokuwa wakiwahi darsa ya baada ya Alasiri walianza kuingia karibu na Magharibi, miguu imejaa vumbi.

Penye uhaba magendo huota kama magugu. Bidoni zilivushwa kutoka Uvira na Kigoma, zikauzwa vichochoroni kwa bei iliyozidi mara kadhaa bei ya kituo. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Zamani hakuna mwizi aliyejisumbua na lita tatu za petroli. Lakini lita tatu zilipokuwa na thamani iliyozidi ujira wa siku nzima wa kibarua, kila gari lililolala nje likawa kama duka lisilo na mwenyewe. Na Buyenzi, kama mnavyojua, ni mtaa wa mafundi na gereji. Magari yanalala nje kila barabara, mipira na bidoni zimetapakaa kila uwanja, na mtoto wa miaka kumi na miwili anajua tangi la kila aina ya gari liko wapi.

"Ustadhi, kama ni nusu lita?"

Tulikuwa katika darsa ya fiqhi, tukieleza mlango wa wizi kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi tunayoyasomesha, kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, kama ni nusu lita tu, na mwenye gari hajui, hiyo nayo inahesabiwa?" Darasa zima likacheka. Sisi tulikisikiliza kile kicheko tukafahamu kwamba si swali la mtu mmoja.

Tukawaomba wazungumze bila kutaja jina la mtu, watueleze wenzao wanasema nini. Yakatoka haya:

1. "Mwenye gari ni tajiri, hatahisi."

2. "Sio kama nimeiba gari. Nimepunguza tu."

3. "Hata dereva mwenyewe anamwibia bosi wake."

4. "Kituoni nako wanauziana kwa kujuana, kwa hiyo wote ni wezi."

5. "Nyumbani hakuna chakula."

Tuyatazame kwa uadilifu, kwani katika hayo matano manne ni visingizio, na moja lina uzito.

Kuhusu utajiri wa mwenye gari: magari mengi yanayolala Buyenzi si ya matajiri. Ni taksi, na dereva wa taksi mara nyingi si mwenye gari. Yeye ana deni la kila siku: jioni lazima ampelekee mwenye gari hesabu yake, awe amepata abiria au hakupata, na mafuta ananunua mwenyewe. Anayemnyonyea lita tano amemchukulia siku yake nzima ya kazi, na huenda na siku mbili alizolala kwenye foleni.

Kuhusu "nimepunguza tu": tangi si mtungi wa maji. Aliye na mpira hunyonya, lakini magari mengi ya siku hizi yana kizuizi katika shingo ya tangi, mpira haupiti. Basi mwizi hulala chini ya gari akakata bomba, au akatoboa tangi lenyewe la plastiki kwa msumari. Amepata lita nne, na mwenye gari ameachiwa kazi ya kununua tangi zima. Waulizeni mafundi wetu. Watawaambia pia kwamba katika magari mengi ya petroli pampu inakaa ndani ya tangi na inapozwa na yale yale mafuta. Likiendeshwa tangi likiwa kavu, pampu hupata moto na kuvuta uchafu uliotulia chini. Na gari la dizeli likikaukiwa, hewa huingia katika mabomba, na mpaka itolewe halitawaka hata ukilijaza mafuta. Thamani ya kilichoibwa na thamani ya kilichoharibika ni vitu viwili mbalimbali.

Kuhusu dereva na kituo: dhambi ya mwingine haijawahi kuwa ruhusa ya yangu. Hili halihitaji kurefushwa.

Ama njaa, tutalirudia hapo mbele kwa sababu linastahiki jibu lake.

Kilichotokea kwa jirani yetu

Kisa hiki tunakieleza kwa idhini ya wahusika, na tumeficha majina yao na kila kitakachowatambulisha.

Dereva mmoja wa taksi katika mtaa wetu alikaa kwenye foleni siku mbili na usiku wake, akapata lita kumi na tano. Akarudi nyumbani usiku, akaegesha, akalala. Kabla ya Alfajiri akagongewa mlango na jirani: mke wake ameshikwa na uchungu, ni mimba ya tatu, na mambo hayaendi sawa. Dereva hakusita. Wakamwingiza mama yule ndani ya gari pamoja na mama mkwe wake, wakaondoka. Hawakufika hata barabara kubwa, gari likazima. Mshale wa mafuta ulikuwa chini kabisa.

Waliokuwa wakielekea msikitini wakasimama wakasukuma. Walisukuma mpaka barabara ya lami, wakitumaini litapatikana gari lingine. Saa ile, katika miezi ile, barabara ilikuwa tupu. Mwishowe likapita gari dogo la kubebea mboga likamchukua. Mama alifika hospitali akajifungua, na Alhamdulillahi yeye alipona. Mtoto alizaliwa amechoka sana. Aliishi siku mbili.

Siku ya tano baada ya mazishi, kijana mmoja wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wetu, alibaki darasani wenzake walipoondoka. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Ustadhi, mimi ndiye niliyetoa mafuta ya taksi ile." Halafu akasema jambo ambalo hatukulitarajia: "Na asubuhi ile nilikuwa miongoni mwa waliosukuma."

Alikuwa amechukua lita zaidi ya kumi, akaziuza usiku ule ule kwa muuzaji wa kichochoroni. Na alikuwa akimjua mama yule vizuri. Ni jirani yao wa nyumba ya tatu, aliyezoea kumtuma dukani.

Ndugu wasomaji, hatusemi kwamba petroli ndiyo iliyomuua mtoto yule. Ajali iko mikononi mwa Allah, na madaktari wenyewe hawakusema kwamba angepona kama angefika mapema. Lakini wala hatuwezi kumwambia kijana yule kwamba hakuna uhusiano wowote. Jambo hili ni zito kwa sababu hakuna anayejua, na hatajua mpaka siku ya hisabu. Mwizi wa lita kumi anadhani ameiba lita kumi. Hajui ameiba safari ya nani.

Wahenga walisema: mchuma janga hula na wakwao.

Njia ya kurejea

Tulimwambia: "Mwanangu, umefanya vizuri kuja, na bado hujamaliza." Toba katika haki ya Allah ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Katika haki ya mja kuna sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake au kutaka msamaha wake. Machozi hayajazi tangi la mtu.

Hapa kuna mas-ala ambayo vijana wengi hawaijui. Petroli ni katika vitu vinavyopimwa na ambavyo mfano wake hupatikana, kwa hiyo anayeichukua hulipa mfano wake: lita kwa lita. Hatazami aliiuza kwa bei gani, wala haisaidii kusema "wakati ule ilikuwa rahisi." Bei ikipanda, bado anadaiwa lita zile zile. Na kama aliharibu tangi au bomba, gharama ya kutengeneza iko juu yake pia. Aliye chini ya umri wa kubaleghe haandikiwi dhambi, lakini alichokiharibu hulipwa kutoka mali yake, na msimamizi wake ndiye anayelishughulikia hilo. Wazazi wasikimbilie kusema "ni mtoto" wakadhani neno hilo limefuta deni.

Tulikwenda na kijana, na baba yake, kwa dereva wa taksi. Baba alitaka kulipa palepale yaishe. Tukamuomba aache kijana alipe mwenyewe. Akapelekwa kwa fundi mmoja wa gereji, akawa anafanya kazi Jumamosi na Jumapili na siku za likizo, akifua vyuma na kusafisha sehemu za injini. Ilimchukua karibu miezi mitatu kuzitimiza lita. Dereva alizipokea zote, kisha akamsamehe siku alizopoteza.

Kwenda kwa wazazi wa mtoto kulikuwa kugumu zaidi. Kisheria kijana hakuwa na deni la damu kwao, kwani hakumgusa mtu wala hakukusudia. Lakini aliomba mwenyewe kwenda, nasi tukaona si haki kumzuia. Alisema alichokisema kwa sauti ndogo, kichwa chini. Baba wa mtoto alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia: "Nilikuona ukisukuma. Nilikuombea dua siku ile." Hakuongeza neno. Akatushukuru kwa kuja, akatusindikiza mpaka mlangoni kama desturi.

Mpaka leo hajasema kwamba amesamehe, nasi hatujamuuliza. Msamaha ni haki yake, na haki haidaiwi kwa kusukumwa. Kijana anajua hivyo, na bado humsalimia kila siku.

Hatari kwa mwili wa mwizi mwenyewe

Kuna madhara mengine ambayo vijana huyafanyia mzaha. Kunyonya petroli kwa mdomo si kama kunyonya maji. Petroli ni nyepesi sana na hutambaa haraka. Tone dogo likiteleza likaingia katika njia ya hewa, huunguza mapafu na kusababisha kichomi kisichotokana na vijidudu. Mtu huanza kukohoa, kifua kikabana, homa ikapanda, na wengine hufa. Ikitokea mtu ameimeza, msimtapishe kabisa, kwa sababu ikipanda juu ndipo inapopata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Msimtie kidole kooni, wala msimnyweshe kitu mkidhani mnamsaidia. Mvueni nguo zilizolowa, mkimbizeni hospitali, na mwambieni daktari ukweli kwamba ni petroli. Tunajua familia huona haya kusema. Haya hiyo inaweza kumuua mtoto.

Kisha moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu ya paa, bali hushuka na kutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la makaa, mshumaa au sigara. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi kali, sembuse joto la Bujumbura. Bidoni iliyofichwa chini ya kitanda cha watoto ni bomu. Na anayetoboa tangi gizani huku akimulika kwa kiberiti, hatuna la kumwambia ila kwamba Allah amekuwa akimlinda bila yeye kujua.

Tusisahau yaliyotufika majirani. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka katika kijiji cha Sange, bonde la Ruzizi, kati ya Uvira na Bukavu, si mbali nasi. Watu walikimbilia kuchota, na wengine walikuwa jirani na pale wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka walikufa watu zaidi ya 230. Mwaka uliotangulia, Januari 2009, Sachangwan nchini Kenya walikufa zaidi ya 100 kwa namna ile ile. Na Agosti 2019, Morogoro, Tanzania, nako walikufa zaidi ya 100. Hatuwaiti marehemu wale wezi. Wengi walikuwa maskini, na wengine walikuwa wapita njia au watoto. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tunachosema ni kwamba lita moja ya mafuta imewahi kufanya watu wasahau kwamba wamesimama ndani ya mvuke wa moto.

Je, mwizi akatwe mkono? Je, apigwe?

Maswali haya huulizwa kila tunapogusa mada hii, na majibu yake mara nyingi hutolewa kwa hasira.

Adhabu ya wizi katika Uislamu ina masharti. Katika hayo ni kwamba mali iwe imehifadhiwa pale inapohifadhiwa mfano wake, na ifikie kiwango. Kwa wanavyuoni wengi, akiwemo Imamu Shafi, kiwango ni robo dinari, yaani takriban gramu moja ya dhahabu. Wengine wakasema zaidi ya hapo. Na kusiwe na shaka, kwani shaka huiondoa adhabu. Juu ya yote, jambo hilo ni la hakimu katika dola inayohukumu kwa sharia, baada ya ushahidi au kukiri. Si la wanamtaa waliotoka na magongo saa nane usiku.

Tumeshuhudia kijana akipigwa kwa sababu alionekana na mpira mkononi, na kumbe alikuwa mwanafunzi wa gereji akirudi kazini. Aliyempiga akamvunja mkono alikuwa na deni kubwa kuliko mwizi wa lita tano. Mtu akikamatwa, apelekwe kwa viongozi wa mtaa na polisi. Kumpiga ni dhulma, na kumuua ni katika madhambi makubwa.

Sasa turudi kwa yule aliyesema "nyumbani hakuna chakula." Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.) katika mwaka wa ukame mkubwa, mwaka wa 18 Hijria, alisimamisha adhabu ya kukata mkono, kwa kuwa watu walikuwa katika dharura. Hilo ni mashuhuri. Lakini tuangalie alichokisimamisha na ambacho hakukisimamisha. Hakusema wizi umekuwa halali, wala hakuwafutia watu haki zao. Na mwenye njaa anayechukua tonge ili asife ana hukumu yake. Anayechukua petroli ili auze anunue simu ana hukumu nyingine. Kila mmoja anajua nafsini mwake yuko upande gani.

Na waajiri nao wasikilize. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kisa cha watumwa wa Hatib walioiba ngamia jike wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar (r.a.) alikuwa ameshaamuru waadhibiwe, kisha akatambua kwamba bwana wao anawashindisha na njaa. Akamgeukia bwana, akamtoza mara mbili ya thamani ya ngamia: mwenyewe alisema asingekubali kumuuza kwa dirhamu 400, basi bwana akaamriwa kulipa 800. Ewe ndugu unayemlipa zamu wako wa usiku ujira usiotosha mkate wa watoto wake, kisha unamwachia gari limejaa mafuta, kisa hiki kisome mara mbili. Hakimhalalishii zamu kuiba. Lakini kinakuuliza wewe swali.

Anunuaye naye ni mshirika

Kama hakuna anunuaye hakuna aibaye. Kijana wetu hakunywa zile lita kumi. Aliziuza, na kuna mtu aliyezinunua saa sita za usiku, kutoka kwa mtoto, katika bidoni isiyo na kifuniko, bila kuuliza. Mwanachuoni gani atamwambia mtu huyo kwamba biashara yake ni safi? Anayenunua kitu akijua kimeibwa, au dalili zote zikimwambia hivyo akaziba masikio, amesaidia katika dhambi na kitu hakikuwa milki yake. Akijulikana mwenyewe, lazima kirudi kwake.

Nasaha zetu

Kwa wazazi: angalieni mikono na nguo za watoto wenu. Harufu ya petroli haifichiki. Mtoto asiye na kazi akija na pesa, au na mfuko wa sukari na mchele, muulizeni kabla ya kushukuru. Tunajua ni vigumu kuuliza wakati sufuria ni tupu. Lakini sukari ile mkiipokea kimya, mmemwambia endelea. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa wanafunzi: aliyekwishafanya, njia iko wazi. Rudisha, hata kidogo kidogo. Ukiona haya kujitaja na ukaogopa fitna, mfikishie mwenyewe haki yake kupitia mtu mwaminifu bila kutaja jina. Usipomjua tena wala kumpata, itoe sadaka kwa niaba yake, na ukimpata siku moja mweleze.

Kwa wenye magari: tieni kufuli kwenye kifuniko cha tangi, egesheni penye mwanga na ubavu wa tangi ukielekea ukutani, na kubalianeni majirani mlinde kwa zamu. Tazameni mshale wa mafuta kabla ya kulala na kabla ya kuondoka. Na msiweke akiba ya petroli ndani ya nyumba mnamolala.

Kwa walimu wenzetu: tufundishe mlango wa haki za watu kwa mifano ya mtaa. Mtoto anaweza kuhifadhi masharti ya wizi kwa kiarabu na asitambue kwamba mpira ulio mkononi mwake umetajwa humo.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe riziki ya halali na atutosheleze nayo, aulinde mji wetu na miji ya majirani zetu na uhaba na moto, awarehemu waliotangulia, wakubwa na wadogo, awape subira wazazi waliofiwa, na atupe ujasiri wa kurudisha haki za watu tungali hai, kabla ya siku ambayo haitalipwa kwa lita wala kwa franki. Amin.

Wabillahi tawfiq.